Protini Tarishi Kutoka kwa Bakteria: Somo la Sayansi na la Istilahi kutoka Bungoma na Kitale

Utangulizi

Ndani ya kasha la dawa iitwayo filgrastim mna karatasi iliyokunjwa mara nyingi, yenye maandishi madogo ya Kiingereza. Sentensi mojawapo katika karatasi hiyo hueleza kwamba dawa imetengenezwa na bakteria aitwaye Escherichia coli. Mwandishi wa makala hii aliisoma sentensi hiyo kwa mara ya kwanza nyumbani kwa shangazi yake, si mbali na mji wa Bungoma. Shangazi alikuwa akitibiwa saratani ya matiti, na baada ya duru ya pili ya tibakemikali chembe nyeupe za damu yake zilikuwa zimeshuka sana. Alipewa sindano za kudungwa nyumbani kila siku, akazibeba kutoka Eldoret katika kijisanduku chenye barafu. Jirani aliyekuja kumdunga akaisoma karatasi kwa sauti, na alipofika kwenye jina la bakteria huyo, shangazi alimshika mkono.

"Mwanangu," akaniambia, "hiki si ndicho kile kijidudu cha choo tunachochemshia maji? Leo mnataka nidungwe nacho?"

Swali hilo halikuwa la ujinga. Wahudumu wa afya wamewafundisha wakazi wa Bungoma kwa miaka mingi kwamba maji yenye E. coli ni maji yaliyoingiwa na kinyesi. Aliyekuwa mjinga siku hiyo ni mwandishi, mwanafunzi wa Kiswahili wa chuo kikuu, ambaye hakuwa na maneno ya kulijibu. Sindano ilibaki kwenye barafu hadi jioni. Makala hii ni jaribio la kulijibu swali la shangazi kikamilifu, kwa lugha yake, na pia kuchunguza ni istilahi zipi zitufaazo tunapolijibu.

Tarishi wa mwili

Kinga ya mwili ni kazi ya seli nyingi zisizogusana. Seli iliyovamiwa na virusi katika koo haiwezi kwenda kuiarifu seli iliyomo katika uboho wa mfupa wa paja. Basi hutuma ujumbe. Ujumbe huo ni protini ndogo zinazosafiri katika damu au katika maji yaliyo kati ya seli, kisha hujishika kwenye vipokezi vilivyo juu ya seli nyingine. Kipokezi kikishaguswa, seli hupokea amri: zaliana, pevuka, jilinde, au hata jiue. Wanasayansi huziita protini hizi saitokini, jina lililofinyangwa kutokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya seli na mwendo.

Mwandishi anapendekeza ziitwe protini tarishi. Neno tarishi tunalo tayari. Kila aliyewahi kufika katika ofisi ya serikali mjini Kitale au Bungoma amemwona tarishi akibeba faili kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Tarishi haamui lililomo ndani ya barua, wala hafanyi kazi iliyoagizwa humo. Hubeba tu, na lazima afike kwenye mlango ufaao. Ndivyo zilivyo protini hizi.

Miongoni mwa matarishi hao wamo intaferoni, zilizogunduliwa mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann huko London, ambazo huziamuru seli zijihami dhidi ya virusi. Wamo pia intalukini, kama vile intalukini-2 inayozizidisha seli T. Yumo na yule wa shangazi: protini inayouamuru uboho uzalishe na kupevusha nyutrofili, yaani zile chembe nyeupe zinazotangulia mbele bakteria na kuvu wanapouvamia mwili. Tibakemikali huua seli zinazogawanyika upesi, nazo seli za uboho ni za aina hiyo. Kwa hiyo katika wiki ya kwanza au ya pili baada ya dawa, nyutrofili hupungua, na homa ambayo kwa mtu mwenye afya ingekuwa jambo dogo huweza kumuua mgonjwa katika siku chache. Filgrastim hutolewa ili kukifupisha kipindi hicho cha hatari. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2015.

Kutoka kwenye damu hadi kwenye pipa

Kwa nini basi wasichukue tarishi huyu kwa binadamu mwenyewe? Walijaribu. Katika miaka ya 1960 na 1970, mwanasayansi Kari Cantell wa Ufini alitengeneza intaferoni kutokana na chembe nyeupe za damu iliyotolewa na wachangiaji wa Msalaba Mwekundu wa nchi yake. Alizichokoza chembe hizo kwa virusi ili zitoe intaferoni. Damu nyingi mno ilihitajika, na hata hivyo mchanganyiko uliopatikana ulikuwa na sehemu ndogo tu ya intaferoni halisi. Dawa ya namna hiyo isingeweza kuwafikia walio wengi.

Mlango ulifunguliwa na teknolojia iliyoanza mwaka 1973, Stanley Cohen na Herbert Boyer walipofaulu kukiunga kipande cha DNA ngeni ndani ya plasmidi, yaani pete ndogo ya DNA inayojinakili ndani ya bakteria. Insulini ya binadamu iliyotengenezwa na bakteria iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1982. Kikundi cha Charles Weissmann mjini Zürich kilikuwa kimekwisha kuiingiza jeni ya intaferoni-alfa katika E. coli mwishoni mwa mwaka 1979, na mwaka 1986 intaferoni hiyo ikaidhinishwa kuwa dawa. Mwaka huo huo wa 1986 jeni ya tarishi wa nyutrofili ilitambuliwa na vikundi viwili, kimoja cha Japani na kingine cha Marekani, na filgrastim ikaanza kuuzwa mwaka 1991.

Msomaji wa Bungoma hana haja ya kuambiwa kwamba viumbe wasioonekana hufanya kazi. Apikaye busaa huuacha unga wa mahindi uchachuke, huukaanga, kisha hutia maji na kimea cha wimbi, akaachia chachu imalize. Hakuna anayemnywea busaa kwa kumhofia kijidudu aliyeitengeneza. Tofauti ni kwamba chachu ya busaa hufanya kazi yake ya asili, ilhali bakteria wa filgrastim amepewa barua isiyo yake.

Barua hiyo ina masharti. Jeni ya binadamu imekatizwakatizwa na vipande visivyotumika katika protini, na bakteria hana mkasi wa kuviondoa. Kwa hiyo hapewi jeni kama ilivyo katika kromosomu. Hupewa nakala iliyokwisha kusafishwa, inayotokana na arienei pashaji. Sehemu ya mwanzo ambayo kwa binadamu ni anwani ya kuitoa protini nje ya seli huondolewa pia. Kisha lahaja hurekebishwa: asidi amino moja yaweza kuandikwa kwa misimbo kadhaa, na bakteria ana mazoea yake, misimbo miwili ya ajinini iliyo ya kawaida kwetu ni adimu kwake, naye akikutana nayo mara kwa mara husitasita au hukosea. Ni kama kumsomesha mtu wa Lamu maandishi ya Sheng: alfabeti ni ile ile, lakini macho yanakwama. Mwisho, mbele ya jeni huwekwa swichi, ili bakteria wakue kwanza wawe wengi ndani ya pipa, na ndipo waamriwe kuanza kazi.

Madonge

Hapa ndipo penye ugumu, na ndipo vitabu vya shule hupapita haraka. Wengi wetu tulifundishwa kwamba jeni ikishaingia, protini hutoka. Hutoka, naam, lakini mara nyingi haifai kitu.

Protini ni mnyororo wa asidi amino. Filgrastim ina 175. Mnyororo ulionyooka haubebi ujumbe wowote. Sharti ujikunje katika umbo moja mahususi, maana kipokezi hulitambua umbo kama kitasa kinavyoutambua ufunguo. Katika umbo hilo kuna vifungo vya salfa, yaani viungo kati ya asidi amino aina ya sisteini vinavyolishikilia umbo lisilegee. Filgrastim ina sisteini tano: nne hufungana mbili mbili, moja hubaki huru. Sasa, ndani ya seli ya E. coli mna mazingira ya kikemia yanayovizuia vifungo hivyo visifungike. Tena bakteria aliyeamriwa huzalisha kwa pupa. Minyororo hutoka kwa maelfu, haijapata nafasi ya kujikunja, hunasana yenyewe kwa yenyewe, na kuwa chembe ngumu zinazoonekana kwa hadubini.

Mwandishi aliwaza neno la kuziita chembe hizo, na akalipata jikoni. Ni madonge. Ukimwaga unga wote kwa mpigo katika maji yanayochemka, husongi ugali wala hupiki uji; unapata madonge, makavu ndani na malaini nje. Unga ni ule ule mzuri uliotoka kinuni. Kilichoharibika ni namna ulivyokutana na maji.

Madonge ya protini yana faida moja: ni mazito na ni safi kiasi, hivyo huchujwa kwa urahisi baada ya bakteria kupasuliwa. Baadaye huyeyushwa kwa yurea nyingi au guanidini mpaka kila mnyororo ubaki peke yake, umenyooka. Kisha kiyeyusho hupunguzwa makali polepole, protini ikiwa imezimuliwa sana ili minyororo isikutane, na kemikali za kusaidia vifungo vya salfa kufungika na kufunguka huongezwa mpaka kila sisteini impate mwenziwe wa haki. Kwamba mnyororo hulijua umbo lake wenyewe lilithibitishwa na Christian Anfinsen, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1972. Ila kulijua umbo si kulifikia. Sehemu ya protini hupotea katika hatua hii, na kiwanda kinachoshindwa hapa hakina dawa, hata kama mapipa yake yamejaa.

Zipo njia za kuyakwepa madonge. Ya kwanza ni subira: bakteria hupoziwa kutoka nyuzi 37 za selisiasi hadi 20 au chini yake, ili watoe minyororo polepole. Ya pili ni kuifunga protini kwenye protini nyingine inayoyeyuka kwa urahisi, kisha kuzitenganisha. Ya tatu ni kuipeleka protini kwenye nafasi iliyo kati ya kuta mbili za bakteria, ambako vifungo vya salfa huweza kufungika. Ya nne ni kubadili mnyororo wenyewe. Katika intalukini-2 iitwayo aldesleukin, sisteini moja iliyozoea kufunga ndoa zisizo halali iliondolewa, na mahali pake ikawekwa serini. Intaferoni-gama haina shida hii kabisa, kwa kuwa mnyororo wake uliokomaa hauna kifungo hata kimoja cha salfa.

Si kila protini inayokubali malezi ya bakteria. Seli za binadamu huzipamba protini nyingi kwa minyororo ya sukari, na E. coli wa kawaida hajui kupamba. Protini ya asili ya nyutrofili ina pambo moja la sukari, lakini ikalipoteza bila kupoteza uwezo wake. Ndiyo sababu filgrastim imefaulu. Erithropoyetini, inayouamuru uboho utoe chembe nyekundu, haikubali hivyo: bila sukari huondolewa upesi mno katika damu, nayo hutengenezwa katika seli zilizotokana na panya buku wa Kichina.

Swali la choo

Turudi kwa shangazi. Je, anadungwa kijidudu cha choo?

Bakteria wa viwandani aghalabu hutoka katika ukoo uitwao K-12, uliopatikana California mwaka 1922 na kuzoea maisha ya maabara hata umepoteza uwezo wa kustawi vema katika utumbo wa mtu. Zaidi ya hayo, hakuna bakteria anayebaki hai katika dawa. Hupasuliwa, na protini husafishwa kwa kupitishwa katika safuwima kadhaa, kila moja ikiondoa uchafu wa namna yake.

Lakini shangazi hakukosea katika kuhofu. Ukuta wa nje wa E. coli una endotoksini, sumu ambayo hata ikiwa kidogo sana huleta homa kali, na ikizidi huangusha shinikizo la damu na kuua. Sumu hii haifi kwa kuchemshwa. Kwa dawa ya kudungwa, kiwango kinachokubalika ni vizio 5 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa kwa saa. Zamani ilipimwa kwa kuwadunga sungura na kuwapima homa. Kisha ikagunduliwa kwamba damu ya samawati ya kaa wa kale wa pwani ya Atlantiki ya Marekani huganda ikiigusa, na kipimo hicho kikaenea duniani. Ni kejeli kwamba endotoksini nayo huzichochea seli za kinga. Mtafiti asiye mwangalifu aweza kuweka protini yake juu ya seli, akaziona zikiamka, akashangilia kwamba tarishi wake anafanya kazi, kumbe kilichoziamsha ni uchafu wa ukuta wa bakteria.

"Kufanya kazi" ni nini?

Kwa mwanafunzi wa semantiki hapa pana jambo la kutafakari. Protini inaweza kuwa na urefu sahihi, uzito sahihi na mfuatano sahihi wa asidi amino, lakini isifanye kazi. Kwa hiyo filgrastim hupimwa kwa seli za panya zinazoitegemea ili zizaliane: ukiwapa protini iliyokunjika vibaya, hazizaliani. Intaferoni hupimwa kwa kuona kama inazikinga seli zisiuawe na virusi. Kipimo hutolewa kwa vizio vya utendaji, si kwa uzito peke yake.

Lakini utendaji katika kisahani si uponyaji katika mtu, na historia ya Kenya ina mfano wake. Mwaka 1990 Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, chini ya Dkt. Davy Koech, ilitangaza dawa ya Kemron kwa wagonjwa wa UKIMWI, na Rais Daniel arap Moi akaizindua mwaka huo huo. Kemron ilikuwa intaferoni-alfa ya kiasi kidogo sana iliyoyeyushwa mdomoni. Haikutoka kwa bakteria. Ilitokana na seli za binadamu zilizokuzwa na kampuni ya Hayashibara ya Japani. Wagonjwa walisafiri kutoka mbali kuitafuta. Intaferoni iliyokuwamo ilikuwa intaferoni kweli. Hata hivyo, majaribio yaliyofuata hayakuyathibitisha matumaini hayo. Jaribio la Uganda lililochapishwa mwaka 1998, lenye wagonjwa zaidi ya 500, ambapo mgonjwa na tabibu wote hawakujua nani amepewa dawa na nani amepewa kidonge kitupu, halikuonyesha manufaa yoyote. Katika barua za magazeti wakati ule watu waliligeuza suala hili kuwa la uzalendo. Kwa maoni ya mwandishi, kosa mojawapo lilikuwa la lugha: kitenzi kimoja, "inafanya kazi", kilitumika kwa mambo matatu tofauti, nayo ni kwamba protini ni hai, kwamba seli imeitika, na kwamba mgonjwa amepona. Tungekuwa na maneno matatu, pengine tungeuliza maswali matatu. Protini ina utendaji. Seli ina mwitiko. Mgonjwa hupata nafuu.

Chotara au pandikizi?

Huko Kitale tatizo la istilahi huja kwa sura nyingine. Mji huo ni mama wa mahindi chotara ya nyanda za juu. Mbegu ya H611 ilitolewa mwaka 1964, na hata leo mkulima wa Trans Nzoia huzitaja mbegu kwa nambari kama mtu anavyowataja wajukuu. Mwandishi alipokuwa katika mazoezi ya ualimu mjini humo, mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne alisema kwamba bakteria mwenye jeni ya binadamu ni "bakteria chotara". Darasa likakubali. Lakini chotara ni mtoto wa wazazi wawili, aliyerithi nusu kwa huyu na nusu kwa yule. Bakteria wetu ana jeni zake maelfu, na jeni moja tu ya ugenini iliyowekwa kwa makusudi. Hilo si kuzaa. Ni kupandikiza, kama mkulima anavyokipandikiza kikonyo cha parachichi bora juu ya shina la parachichi la kienyeji. Kwa sababu hiyo mwandishi anaonelea "jeni pandikizi" kwa ile iliyoingizwa, na "protini ya jeni pandikizi" kwa zao lake. Istilahi hii ni ndefu kidogo, lakini inajieleza.

Pingamizi lipo: katika siasa zetu "pandikizi" ni msaliti aliyepenyezwa chamani. Mwandishi haoni kwamba hilo linaharibu. Hata huko maana ya msingi ni ile ile, mgeni aliyewekwa ndani na mwingine kwa kusudi la mwingine. Wahariri wa istilahi wenye neno bora walilete.

Wafugaji wa Kitale nao wanahusika. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe na kuwaua ng'ombe wa gredi, husababishwa na kimelea anayezivamia seli za kinga zenyewe na kuzifanya zizaliane ovyo. Watafiti wa ILRI, taasisi iliyorithi kazi ya ILRAD iliyoanzishwa Kabete mwaka 1973, walipotafuta sehemu za kimelea huyo zinazofaa kwa chanjo, walipima kama seli T za ng'ombe hutoa intaferoni-gama zinapokutana na sehemu hizo. Tarishi akionekana, maana yake seli imemtambua adui.

Hesabu ya jioni ile

Dozi ya filgrastim ni mikrogramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mgonjwa wa kilo 60 huhitaji mikrogramu 300. Gramu moja ya protini iliyokunjika sawasawa, kiasi kisichojaza kijiko cha chai, hutosha dozi 3,333. Dawa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, haigandishwi, haitikiswi, kwa kuwa umbo lililopatikana kwa taabu kiwandani huweza kuvurugika tena ndani ya chupa na kurudi kuwa madonge.

Jambo hili la mwisho ndilo lililomwingia shangazi. Nilipomweleza habari za uji na madonge, aliitaka chupa, akaiinua mbele ya taa ya chemni bila kuitikisa, akaitazama kwa muda mrefu. Maji yake yalikuwa meupe, hayana chembe.

"Haina madonge," akasema, akapandisha mkono wa gauni. "Lakini huyo kijidudu wako mwambieni maji yangu nitaendelea kuchemsha."